Mashine ya kufulia ikigoma kuanza

Kabla hujampigia fundi, chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, ugonjwa uko kwenye soketi au ubao wa umeme, na huenda mashine haina kosa. Ikichaji, fungua plagi uangalie fyuzi. Plagi zetu za pini tatu bapa huwa na fyuzi, na kwa mashine ya kufulia kwa kawaida ni ya ampea 13. Iliyoungua ibadilishe kwa yenye ampea zilezile. Ule ujanja wa kuzungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara usiuguse. Ndivyo nyumba zinavyoungua.

Taa zinawaka lakini haianzi? Kwa mashine ya mlango wa mbele, mimi hushuku mlango kwanza. Usukume mpaka ushike, bonyeza kuanza, kisha tega sikio: unatakiwa usikie "tak!" ya kufuli. Kimya? Kagua ulimi wa mlango kama umevunjika, na utoe nyuzi na sabuni iliyoganda kwenye tundu lake. Soksi moja tu iliyobanwa ukingoni yatosha kuigomesha.

Ukiona alama ya kufuli au uso wa mtoto, shikilia kitufe chake kwa sekunde chache. Hilo ni kufuli la watoto, na huenda wamepita hapo.

Bomba nalo likague kama limefunguliwa: mashine ikikosa maji hukaa kama imekufa, kumbe inasubiri.

Harufu ya kuungua ikitoka, chomoa na uite fundi. Usifungue mgongo wake mwenyewe, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.