Khidima ya Wanafunzi katika Mitaa Yao

Somo letu ni juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na juma moja la mapumziko wanalopawa kila mwaka, aghlabu katika mwezi wa Machi. Huko kwao mwaka una majira mane, na huo ndio wakati baridi inapoondoka na miti ikaanza kuchipua. Twataka kutazama ni khidima gani ya juma hilo imfaayo anayekhidimiwa, na ni ipi imfaayo mwenye kukhidimu peke yake.

Kwa miaka mingi juma hilo lilijulikana kwa anasa. Mji wa Fort Lauderdale, katika pwani ya Florida, ulijaa vijana hata mwaka 1985 wakakadiriwa kufika 350,000. Wenyeji wakachoshwa na ulevi na fujo, wakawawekea sheria kali. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, walianza kulitumia juma lao kwa kazi za kujitolea. Mwaka 1991 kikatoka huko chama kiitwacho Break Away, cha kuvionyesha vyuo vingine njia hiyo. Miongoni mwa masharti yake ni kuwa mwanafunzi asomeshwe kwanza khabari za watu anaokwenda kwao, na kuwa asiguse ulevi muda wote wa kazi.

Safari hizo zina faida isiyokanushika. Tufani ya Katrina ilipougharikisha mji wa New Orleans mwezi wa Agosti 2005, wanafunzi kwa maelfu walikwenda huko mapumziko ya 2006, wakatoa matope majumbani na kubomoa kuta za ndani zilizoshika ukungu. Wenye nyumba wengi walikuwa wametawanyika, na kazi ile ilitaka mikono mingi kwa wakati mmoja.

Lakini gharika kama ile si ya kila mwaka. Mara nyingine kijana hulipa nauli kubwa akaenda mji wa mbali kupaka rangi ukuta ambao fundi wa pale angeupaka, naye ana haja ya ujira. Jumamosi kijana amekwisha rudi kwao na picha zake.

Sasa tutazame khidima ya karibu. Marekani kila mwenye pato la kadiri fulani hupeleka hesabu yake kwa idara ya kodi, na mwisho wa muda kwa kawaida ni tarehe 15 Aprili. Iko sheria ya tangu 1975 inayomrejeshea fedha mfanyakazi wa pato dogo, khasa mwenye watoto. Lakini asiyeleta hesabu hapati kitu, na fomu zake ni nzito. Wengine hulipa watu wawajazie, na hivyo sehemu ya haki yao huliwa njiani. Kwa ajili hiyo iko khidima ya bure iitwayo VITA, iliyoanza mwaka 1969 huko Northridge, California, nayo hutumia wanafunzi wengi wa elimu ya hesabu. Hawa hufundishwa, hutahiniwa, na kila hesabu hukaguliwa na mtu wa pili. Kwani mama anayengojea fedha zile alipe kodi ya nyumba, tarakimu moja ikikosewa humcheleweshea. Na barua ya idara ikimjia baadaye, aliyemwandikia yumo mji ule ule.

Akisema mtu: “Aliyebaki mtaani kwake hakuona jipya,” twamjibu kuwa wako wanafunzi wanaokaa mjini miaka mine wasijue ila njia ya bwenini na ya darasani. Hawajui ghala la chakula cha maskini liko wapi, wala siku gani lina upungufu wa watu. Na wako wengine ambao juma hilo ni la kutafuta karo kwa kazi ya ujira. Hao hawana lawama, na kwao saa mbili karibu na nyumbani zawezekana, hali safari haiwezekani.

Ama anayetaka kazi ya hesabu za kodi, asingoje Machi ifike. Mafunzo yake na mtihani hufanywa kabla, aghlabu kufikia Januari, na asiyefaulu haruhusiwi kujaza fomu ya mtu.