Mbege Haisubiri: Namna ya Kukaa Kilabuni Uchagani

Umehamishiwa Marangu, Kibosho au Rombo kikazi. Labda ni mwalimu, labda muuguzi, au umekuja tu kukaa ukweni kwa muda. Wiki tatu zimepita, kila unayekutana naye njiani anakusalimu kwa uchangamfu, na bado humjui mtu. Watu hawana ubaya. Migomba ndiyo inayowaficha: kila familia iko ndani ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na ukipita barabarani huoni hata bati la nyumba. Pa kuwakuta wengi pamoja ni pawili tu, kanisani Jumapili asubuhi na kilabuni alasiri. Kanisani hampati nafasi ya kuongea.

Kabla ya kwenda, ielewe pombe yenyewe, maana adabu yote ya kilabu imetoka humo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Pembeni, ulezi ulioloweshwa ukachipua huanikwa, husagwa na kupikwa uji. Gome la msesewe, ule mti mchungu, ndilo linaloleta uchungu. Vyote vikishachanganywa, kesho yake mbege iko tayari, na hapo saa huanza kuhesabika: leo ina utamu, kesho imekuwa kali, keshokutwa inakaribia siki. Hakuna chupa wala friji ya kuiokoa. Mama aliyepika pipa zima anahitaji watu wa kulimaliza, na watu wakishajua hivyo huja. Ndiyo maana usiulize kilabu kiko wapi. Uliza, "Leo mbege iko kwa nani?" Mahali pengi wapishi hupokezana, na anayekujibu atakuambia pia kama ya leo ni nzuri. Hapo mazungumzo yameshaanza, na bado hujafika.

Nenda saa kumi jioni. Wazee huwa wamekwisha kukaa, sauti ziko chini, na mtu ana subira ya kukusikiliza ukieleza umetoka wapi na kwenu ni wapi. Ukifika saa mbili usiku utakuta vicheko vingi, lakini kesho hakuna atakayekumbuka jina lako. Chagua pia kilabu kisicho na spika. Mwaka 2005 Mwingereza Martyn Hillier alifungua baa ndogo katika duka lililokuwa bucha, kijijini Herne huko Kent, bila muziki, ili wateja waongee wao kwa wao. Wengi wakamwiga, na leo baa za namna hiyo zimeenea Uingereza. Wazee wa Mwika wangemuuliza alikuwa wapi siku zote.

Ukiingia, usitupe "habari zenu" moja ya jumla ukakaa. Zunguka benchi kwa benchi, shikamoo kwa kila mzee, mkono kwa kila rika lako. Kama umejifunza salamu ya Kichaga, "shimboni", itumie. Watakucheka, na kicheko hicho ni kizuri. Ila usijigambe na Kichaga ulichookota Machame ukiwa Rombo, kwa kuwa vinapishana sana na utaonekana umekuja kufundisha. Halafu simama kidogo uonyeshwe pa kukaa. Benchi linaloonekana tupu mara nyingi lina mwenyewe, naye yuko njiani anakuja.

Omba kuonja kabla ya kununua. Hakuna mpishi anayejiamini atakayechukia. Itikise kata, kibuyu cha kunywea, kwanza, kwa kuwa ulezi hutuama chini, kisha unywe polepole: utamu hutangulia, uchachu hufuata, na msesewe hubaki ulimini. Harufu ikikupiga kama siki, shukuru na usubiri siku nyingine. (Mimi binafsi naipenda ya siku ya pili, na nimeshaambiwa zaidi ya mara moja kwamba huo ni ulimi wa mtu wa mjini.) Kumbuka hiki ni kinywaji kizito kama uji. Ukija umeshiba ugali hutafika mbali, na ukija na njaa kali ukainywa haraka itakuangusha.

Kata ikizungushwa ikakufikia, ni heshima. Kama hupendi kushirikiana chombo, sema tu, "Mama, naomba kikombe changu," na uishie hapo. Siku hizi wengi hufanya hivyo. Kinachoudhi ni hotuba ya usafi baada ya ombi.

Hapa kwenye kununua ndipo wageni wengi huharibu. Usinunulie kilabu kizima siku ya kwanza. Utashangiliwa, ndiyo, lakini utakuwa umejulikana kwa mfuko wako, na kila utakapokuja macho yataanza kwenye mfuko huo. Mnunulie aliyekukaribisha na mzee aliye karibu naye, basi. Ukinunuliwa, usilipize dakika ile ile kana kwamba unafuta deni. Acha lako lije safari nyingine, ndipo mtu apate sababu ya kukutazamia. Beba noti ndogo. Na kama unaweza, usianzie Desemba. Mwezi huo wanarudi watoto wa nyumbani kutoka Dar na Arusha na magari yao, na mgeni wa kawaida humezwa. Anza Juni au Julai, baridi ikiwa kali na kila mtu anatafuta joto la mwenzake.

Kama hutumii pombe, nenda vilevile. Agiza soda, au nyama pembeni kama inachomwa, mnunulie jirani kata moja, ukae. "Mimi situmii" inatosha. Ukianza kueleza dini yako inasema nini mbele ya watu walioshika vyombo, utakuwa umewahukumu wakiwa kwao.

Mada hazikosekani: bei ya kahawa, migomba iliyoanguka kwa upepo, mfereji uliokauka na nani ana zamu ya kuuzibua, msiba wa juzi. Mipaka ya vihamba usiiguse. Swali dogo tu, kama "hili shamba ni la nani?", laweza kufungua kesi iliyoanza kabla hujazaliwa, na aliyekaa kushoto kwako anaweza kuwa upande wa pili. Ukiona mtu ameingia na jani la isale, nyamaza. Kuna anayekuja kuomba msamaha, na kwa mila ya Wachaga isale ikishaletwa ni vigumu sana kuikataa. Huenda mbege unayokunywa ndiyo itakayomalizia shauri hilo.

Pengine utanong'onezwa kwamba nyuma ya nyumba kuna "ile nyingine". Hiyo ni gongo. Imekatazwa na sheria, na anayekuuzia hawezi kukuambia imetengenezwa na nini. Kataa kwa mzaha uendelee na mbege yako.

Ondoka kabla giza halijashika vizuri. Njia za huku zina mteremko, udongo mwekundu ukinyeshewa ni sabuni, na dereva wa bodaboda aliyekuwa benchi moja nawe tangu saa kumi asikubebe, hata akikuapia. Kabla ya kutoka rudisha chombo mwenyewe kwa mpishi, usikiache chini. Mwambie "aika mae", yaani asante mama, kisha muulize atapika tena lini. Akikujibu Alhamisi, nunua tochi kabla ya Jumatano.