Dondoo muhimu: Redio mpya ndani ya gari la zamani la MGB

Redio za leo hutaka hasi ya betri iwe kwenye bodi. MGB za 1962 hadi 1967 zilitoka kiwandani na chanya kwenye bodi, na hapo ndipo redio nyingi huungua.

- Fuata waya unaotoka kwenye betri hadi kwenye bodi uone ni chanya au hasi. Usitegemee neno la aliyekuuzia, huenda fundi alishageuza.
- Ukigeuza mwenyewe, badilisha pia nafasi za nyaya za koili, na uigusishe dainamo umeme wa betri kabla ya kuwasha injini. Hili la dainamo wengi hulisahau.
- Usidanganyike kwamba kupishanisha nyaya za redio kunatosha: kasha lake au antena ikigusa bodi, ni shoti.
- Kabla ya kazi yoyote, ondoa kwanza kwenye betri waya wa bodi.
- Waya wa kahawia wa Lucas, waliotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, hauna fyuzi. Weka yako, karibu na chanzo cha umeme.
- Dainamo ya C40 ya magari haya hutoa ampea 22 tu. Amplifaya kubwa sahau.
- Usikate dashibodi! Redio ndogo hukaa vizuri chini yake, kwenye kibano.