Usukani Unaonguruma: Mwongozo kwa Madereva na Mafundi

Kabla ya kununua oili ya usukani, hakikisha gari lako linaitumia. Toyota Prius na Honda Fit husaidiwa usukani na mota ya umeme, wala hazina tangi la kujazwa. Mwongozo huu unahusu magari yenye pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, zikiwemo HiAce nyingi zinazobeba abiria.

Oili huchaguliwa kwa kusoma kifuniko cha tangi na kitabu cha gari. Toyota nyingi za pampu hutaka ATF ya Dexron II au III, ile nyekundu ya gia za otomatiki. Honda hutaka oili yake maalumu. Volkswagen nyingi hutumia ya kijani, nayo haichanganywi na ATF. Usiamini rangi peke yake, kwa kuwa rangi ni ya kutiwa kiwandani. Oili ya breki isiingie humo hata tone, maana huharibu sili za mpira na kuuvujisha mfumo mzima.

Oili ya usukani haiishi kwa kutumika. Ikipungua, imevuja, na anayejaza kila wiki bila kutafuta inapotokea anajitafutia hasara. Panguza injini, mwambie mwenzako azungushe usukani, nawe umulike tochi kwenye maungio ya mipira, kwenye pampu na kwenye buti za kuzuia vumbi za reki.

Mngurumo unaopanda kila unapokata kona, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, mara nyingi ni wa hewa. Fungua tangi utazame: oili yenye hewa hujaa mapovu na kupauka kama chai ya maziwa. Hapo kagua kwanza klipu ya mpira unaotoka tangini kwenda kwenye pampu. Mpira huo ni wa kunyonya. Ukilegea, huingiza hewa bila kudondosha chochote chini. Ni jambo la kusikitisha kwamba mteja huuziwa pampu nzima kwa kosa la klipu.

Ukishakaza klipu, toa hewa. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, uyawekee stendi imara, na uzime injini. Jaza oili hadi alama, kisha zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara 15 au 20, ukiongeza oili kila inaposhuka. Washa injini pale tu mapovu yanapokoma, urudie mzunguko. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache: presha hupanda na pampu hupata moto.

Ili kujua hali ya oili yenyewe, chovya karatasi nyeupe tangini. Ikitoka na oili nyeusi yenye harufu ya kuungua, kuongeza hakusaidii. Imwage yote, safisha kichujio cha tangi, weka mpya.

Mlio mkali wa kukwaruza unapozungusha usukani hadi mwisho kwa kawaida ni wa mkanda uliolegea au kuchakaa. Mlio wa "ko, ko" ukipita kwenye mashimo hauhusiani na oili kabisa. Mara nyingi husababishwa na tairodi au boljointi iliyolegea, na ikichomoka gurudumu halitafuata usukani. Gari la namna hiyo lisipakie abiria mpaka lipite mikononi mwa fundi.