Wasifu wa Mwanafunzi Atafutaye Utarajali wa Kwanza

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam huyaita fildi na wa Nairobi atachimenti, makampuni ya programu hupokea wasifu mwingi unaofanana hata msomaji akidhani umeandikwa na mtu mmoja. Kwa kuwa kuusoma ni sehemu ya kazi yangu, mhariri ameniomba niyajibu maswali ya wanafunzi, nami nimeyachagua yale ambayo huulizwa mara kwa mara, nikiyarefusha majibu pale jambo linapostahili kurefushwa na kuyakatisha pale lisipostahili.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, wala sijapata kuajiriwa. Sehemu ya uzoefu wa kazi niijaze nini?

Marahaba, mwanangu. Usiijaze kitu, iondoe kabisa, kwa maana hapana sheria inayokulazimu kuwa na sehemu hiyo, na mahali pake uweke kazi ulizozitengeneza kwa mikono yako. Mimi nisomaye wasifu wa mwanafunzi wa mwaka wa pili sitarajii kumkuta amekwisha kuwa meneja. Natarajia kuona kama amepata kuanzisha jambo akalifikisha mahali pa kutumiwa na mtu asiyekuwa yeye wala mwalimu wake.

Tuchukue mstari mmoja tuutazame kwa karibu. Mathalani mwanafunzi ameandika: "Nilitengeneza mfumo wa kisasa wa kusimamia duka la dawa kwa kutumia Python na MySQL." Maneno hayo hayana uongo, ila hayana pa kushika, kwa kuwa mfumo wa namna hiyo hutengenezwa karibu katika kila darasa, na hilo neno "kisasa" ni sifa aliyojipa mwenyewe. Lakini ukimkalisha ukamwuliza taratibu, atakueleza kwamba shangazi yake ana duka la dawa Tanga, ambamo dawa zilikuwa zikipitwa na muda wake rafuni bila mtu kutambua. Kwamba yeye ndiye aliyefikiri programu itoe onyo siku 60 kabla. Na kwamba, kwa vile mtandao hukatika mara kwa mara, aliifanya ihifadhi mauzo katika simu kisha iyapeleke pindi mtandao urudipo. Hayo yote, ambayo ndiyo hasa ningependa kuyasikia, ameyaficha nyuma ya neno "mfumo". Basi na aandike hivi:

"Programu ya akiba ya dawa kwa duka moja, Tanga (Python, MySQL). Huonya siku 60 kabla ya dawa kupitwa na muda; huhifadhi mauzo mtandao ukikatika na kuyapeleka ukirudi. Wauzaji wawili huitumia kila siku tangu Machi."

Utaona kwamba kwanza kimetajwa kitu chenyewe na mwenye kukihitaji, kisha lile gumu lililotatuliwa, na mwisho hali yake ya leo. Iwapo hapana anayeitumia programu yako, usibuni watumiaji. Eleza lile gumu, yatosha. Na iwapo kazi ilikuwa ya kikundi, bainisha fungu lako, kwa mfano kwamba mlikuwa wanne na wewe uliandika sehemu ya malipo, maana "tulitengeneza" humwacha msomaji akikisia ni nani kati yenu aliyekuwa akinunua soda.

Wala usidharau amali nyingine zisizokuwa za kompyuta. Aliyesimamia kibanda cha wakala wa M-Pesa wakati wa likizo asione haya kukitaja kwa mstari mmoja: huyo amekwisha kuonja hesabu inapokataa kulingana jioni, na wanaoandika programu za fedha wanawahitaji watu wenye kuogopa jambo hilo.

Nimeorodhesha lugha kumi na mbili za programu, na kila moja nimeichorea kipimo cha asilimia. Rafiki zangu wanasema ni nyingi mno. Je, ni kweli?

Ni kweli, nao ni rafiki wema. Asilimia 80 ya Java ni asilimia ya nini, na aliyepima ni nani? Futa vipimo hivyo vyote. Kisha katika zile lugha, bakiza zile tu ambazo ukiombwa leo mbele ya watu uandike programu ndogo, utaiandika bila ya kutetemeka. Zilizosalia ama uziache ama uziweke katika mstari wa pili ukisema kwamba umezisoma darasani. Wahojaji wengi huyatoa maswali yao katika wasifu uliouleta mwenyewe, na kila neno ulilolitia kwa ajili ya kuujaza ukurasa ni mlango uliomfungulia mtu aingie akuulize usilolijua.

Je, niweke picha yangu, dini, hali ya ndoa na namba ya kitambulisho, kama ulivyo wasifu wa kaka zangu?

Kaka zako waliurithi mtindo huo kutoka katika fomu za ofisi za zamani, nawe huna sababu ya kuuendeleza. Msomaji wa kampuni ya programu hahitaji kujua dini yako wala umeoa au hujaoa. Na namba ya kitambulisho ni taarifa ambayo nchi zetu zimekwisha kutunga sheria za kuilinda, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, halafu wewe wataka kuigawa kwa kila barua pepe uliyoikuta mtandaoni! Jina, mji, simu, barua pepe na kiungo cha kazi zako vyatosha. Ukurasa uwe mmoja.

Ama kuhusu umbo, yale mapambo ya safu mbili, majedwali na vialama vya rangi nayapinga kwa sababu ya kiufundi. Makampuni makubwa aghalabu hupokea maombi kwa programu inayoyachambua maandishi kabla hayajamfikia binadamu, na programu hiyo ikikutana na safu mbili huweza kuzisoma kwa kukata upande mpaka upande, hata jina la chuo chako likajikuta katikati ya namba ya simu. Jaribio lake ni jepesi: fungua PDF yako, chagua maandishi yote, uyanakili, uyabandike katika faili tupu lisilo na umbo. Yakija kwa mpangilio, umesalimika. Yakija yamevurugika, programu yao nayo huenda ikayaona hivyo hivyo.

Nina akaunti ya GitHub yenye hazina nyingi za msimbo, nyingi zikiwa mazoezi ya darasani. Je, waajiri huzitazama kweli?

Wengine hawazitazami kamwe. Wengine, nami nimo, huzitazama kabla ya kuumaliza wasifu wenyewe. Kwa hiyo chagua mbili au tatu uzitangulize, na zile za kikokotoo na orodha ya shughuli za siku, ambazo ulizinakili hatua kwa hatua katika video ya mafunzo, uzifungie.

Nikiifungua hazina yako, jicho langu huangukia kwanza faili la README, na likiwa tupu huwa nimekwisha kukatishwa tamaa kabla ya kuona mstari mmoja wa msimbo. Andika humo programu ni ya nini, inawashwa kwa amri zipi, na uweke picha ya skrini yake. Baada ya hapo hutazama historia ya mabadiliko, kwa kuwa humo huonekana namna mtu anavyofikiri: mwenye kujenga kwa hatua ndogo ndogo zenye maelezo huacha nyayo, na mwenye kutupa kila kitu siku moja chini ya maelezo yasemayo "mwisho" hunitia tashwishi kwamba kazi si yake.

Lakini lipo kosa moja ambalo laiti lingefundishwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi hujenga duka la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom, akaziandika funguo za siri alizopewa ndani ya msimbo wenyewe, akaupandisha msimbo hadharani. Akishtuka, hulifuta faili na kupandisha badiliko jipya, akidhani amejisitiri. Hasha! Git, ambayo Linus Torvalds aliibuni mwaka 2005 kusudi itunze kila hatua ya kazi, bado inalo lile faili katika historia, na yeyote aweza kurudi nyuma akalisoma. Dawa yake ni kuzibatilisha funguo zile na kuomba mpya, kisha mpya hizo kuziweka katika faili la pembeni, kwa kawaida .env, na kulitaja faili hilo katika .gitignore lisipande kamwe. Mwombaji ambaye hazina yake inaonyesha kwamba alilijua hilo tangu mwanzo amekwisha kunipa ithibati ambayo cheti hakiwezi kunipa.

GPA yangu ni 3.4. Niiandike au niifiche?

Vyuo vya Tanzania hupima kwa 5, na 3.4 ni ncha ya juu ya daraja la pili la chini. Hiyo nisingeiandika ila tangazo liwe limeitaka. Kuanzia 3.5 kwenda mbele iandike, ila siku zote pamoja na kipimo chake, "3.8 kati ya 5", kwa maana Mmarekani akiona 3.8 peke yake huidhania ni kati ya 4, na siku atakapoiona hati yako ya matokeo atadhani ulikusudia kumlaghai.

Miradi huria yaweza kumsaidia mtu aliye mbali na miji mikubwa?

Naam, tena yeye kuliko wa mjini. Tazama OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo historia yake imefungamana na matibabu ya UKIMWI kule Eldoret. Au DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya na Tanzania. Msimbo wa zote mbili uko wazi. Anza na kidogo: maelezo yaliyopitwa na wakati, tafsiri ya Kiswahili iliyopotoka, hitilafu ndogo iliyowekewa alama ya wageni, na badiliko lako likikubaliwa, kiungo chake kiingie katika wasifu juu ya vyeti vyote vya kozi za mtandaoni. Fauka ya hayo, Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005, huwapa posho wageni wa miradi ya namna hii wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na walezi wa miradi hupendelea aliyekwisha kuonekana akifanya kazi kabla ya maombi kufunguliwa.

Kiingereza changu si kizuri. Je, ni vibaya kuiachia akili mnemba iniandikie wasifu?

Kukusahihishia sarufi si vibaya. Kukuandikia ni vibaya, kwa sababu haikulijua duka la shangazi yako, na isipojua hujaza. Nimeuona wasifu uliodai kuongeza ufanisi kwa asilimia 40, na mwenyewe alipoulizwa ufanisi wa nini alitazama chini. Andika kwanza kwa Kiswahili yale uliyoyafanya, uyapeleke Kiingereza kwa sentensi fupi, kisha ndipo uombe masahihisho, na tarakimu yoyote usiyoitia wewe uifute.

Mwisho, Mwalimu: wadhamini, barua, na namna ya kutuma.

Wadhamini watajwe wakitakiwa, na uwaarifu kwanza. Barua ya chuo iambatishwe ikiwa unayo, lakini usiitegemee iseme badala yako. Andika mistari michache ukieleza kwa nini kampuni hii na si nyingine, na ni kazi ipi katika zako inayokaribiana na zao. Faili lipewe jina lako, si "cv mpya kabisa 2". Na kabla ya kutuma, toka katika akaunti yako ya GitHub, au azima simu ya mwenzako, ubofye viungo vyote kimoja kimoja, kwa kuwa hazina uliyoifungia hufunguka vizuri kwako na kwa mwingine huonyesha ukurasa wa 404.