Tujiundie Baiskeli ya Stima: Tuanze na Fremu

Katika makala haya ningependa tujifunze pamoja jinsi baiskeli ya stima inavyoundwa kwa mikono, hapa hapa kwetu Riruta Satellite. Ukimwambia kijana wa mtaa kwamba kuna baiskeli inayopanda mlima bila kumtoa mtu jasho, swali lake la kwanza ni, "Mota inauzwa wapi?" Juu ya fremu hakuna anayeuliza. Nami nasema fremu ndiyo somo la kwanza. Mota hununuliwa ikiwa imekamilika, lakini uhai wa mwendeshaji umo katika fremu, breki na betri. Waama, haraka haraka haina baraka.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia fundi mmoja wa kuchomelea vyuma upande wa Kawangware. Mteja wake alitaka baiskeli ya kusambazia mkate madukani. Mengi ninayoeleza niliyaona kwa macho yangu, na hesabu nilizifanya kwa fizikia ile ile tunayofundishwa darasani.

Jambo lenyewe si geni

Mwaka wa 1895 Mmarekani aitwaye Ogden Bolton alipewa hati ya uvumbuzi wa baiskeli ya umeme. Mota yake ilikaa ndani ya gurudumu la nyuma na betri ikaning'inia katikati ya fremu. Hivyo ndivyo nyingi zinavyoundwa hata leo! Kilichokosekana enzi hizo ni betri nyepesi. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka wa 1991 kupitia kampuni ya Sony, na mwaka wa 2019 wanasayansi watatu waliozianzisha walituzwa Nobeli ya kemia.

Huku kwetu pia watu hawajalala. Kampuni ya Roam, iliyoanza Nairobi mwaka wa 2017 ikiitwa Opibus, huunda pikipiki za stima. Naye Mkenya Lincoln Wamae alijulikana kwa kuunda viti vya magurudumu vya umeme akitumia betri zilizotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizotupwa. Kwa hivyo asikwambie mtu ati hii ni kazi ya wazungu.

Mota inafanya nini?

Ndani ya mota kuna sumaku zilizopangwa kwa duara, na nyaya za shaba zilizozungushwa juu ya vyuma. Kifaa kiitwacho kontrola kinapeleka umeme katika nyaya hizo kwa zamu. Sumaku zinavutwa na kusukumwa, basi gurudumu linazunguka.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mwendeshaji, baiskeli na mzigo ni kilo 100 kwa jumla, na barabara inapanda mita 5 katika kila mita 100. Kuupanda mlima huo kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa kunahitaji wati kama 200 za kushindana na mvuto wa dunia pekee, na wati nyingine kama 50 za kushindana na upepo na msuguano. Mtu wa kawaida akipiga pedali kwa muda mrefu hutoa wati 100 hivi, au chini ya hapo. Ndiyo sababu muuza mkate hushuka akasukuma. Mota ndogo ya wati 250 inatosha kuziba pengo hilo. Huko Ulaya sheria huiita baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Mwenye kutaka mota ya wati elfu moja, hebu ajiulize kwanza kama anaunda baiskeli au anajitafutia kaburi.

Fremu: hapa ndipo ufundi ulipo

Kwa nini usiifunge mota kwenye ile baiskeli kuukuu ya babu, Black Mamba? Sababu ni tatu. Kwanza, nafasi ya gurudumu la nyuma ni finyu, na mota nyingi za nyuma zinahitaji milimita 135. Pili, hakuna mahali pazuri pa betri. Ukiifunga juu ya keria, uzito unakuwa juu na nyuma, na baiskeli inayumba kama mlevi. Tatu, ekseli ya mota husukumana na fremu kila unapokaza mwendo. Mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 30, ikiwa na ekseli ya upana wa milimita 10, inabana kingo za chuma kilichoishika kwa kani ya nyutoni 3,000 hivi, sawa na uzito wa kilo 300! Chuma chembamba kitapanuka, ekseli izunguke na kukata nyaya, kisha gurudumu lichomoke.

Basi fundi alifanya hivi. Alichukua fremu mbili zilizokufa akakata sehemu mbili tu: bomba la kichwa linaloshika usukani, na bomba fupi la pedali. Hizo zina vipimo na nyuzi za skrubu ambazo si rahisi kuzichonga kibandani. Sehemu nyingine zote alizijenga upya kwa mabomba ya chuma yenye unene wa milimita 2, kwa maana bomba jembamba sana hutobolewa na moto wa kuchomelea. Bomba la kichwa alililaza kwa pembe ya digrii 70 hivi. Kati ya kiti na pedali aliacha nafasi ya sanduku la betri, chini na katikati. Mahali pa ekseli aliweka vipande vya chuma kinene, na kando yake mkono wa chuma unaoizuia ekseli isizunguke.

Zingatieni pia umbo. Ukiunganisha vyuma vinne kuwa mraba kisha uusukume kwenye kona, utalala. Vyuma vitatu vikiwa pembetatu havilali mpaka kimoja kipinde au kivunjike. Kwa hivyo kila mahali panapobeba uzito, fundi alitafuta pembetatu.

Utajuaje fremu imenyooka? Kwa uzi tu! Funga uzi mahali pa ekseli upande wa kushoto, uupitishe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe upande wa kulia. Kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Zisipolingana, usiipake rangi bado. Fundi alipima kabla ya kuchomelea, akapima tena kila baada ya kiungo, kwa sababu chuma kikipoa hujivuta.

Breki na betri si za mzaha

Tunajua kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kilo 100 zikienda kilomita 15 kwa saa zina jouli kama 870. Kasi ikiwa 30, jouli zinafika kama 3,470. Kasi ni maradufu, lakini kazi ya breki ni mara nne! Zile breki za vyuma virefu za baiskeli za zamani, ambazo huteleza mvua ikinyesha, hazifai. Tieni breki mbili nzuri, na swichi ya kukata stima mkono unapogusa breki.

Betri nayo huundwa kwa seli ndogo za milimita 18 kwa 65. Kila moja ni volti 3.6 hivi. Ukiunga makundi 10 kwa mfululizo, kila kundi likiwa na seli 4 sambamba za ampea-saa 2.5, unapata seli 40, volti 36 na ampea-saa 10. Zidisha: wati-saa 360. Ukisaidia kwa pedali, utasafiri kilomita 25 hadi 35. Kuijaza kunakula chini ya nusu yuniti ya tokeni. Rahisi, sivyo?

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Wengi wetu tunaishi katika ploti: chumba kimoja, mlango mmoja, kuta za mabati, na jirani amelala hatua mbili kutoka kwako. Seli ya lithiamu ikijazwa kupita volti 4.2, ikitobolewa au nyaya zake zikigusana, inaweza kuwaka, na moto wake huruka kutoka seli moja hadi nyingine. Kwa hivyo lazima pawe na bodi ya kulinda seli, fyuzi, na chaja inayokoma kwenye volti 42. Usijaze betri usiku umelala, wala chini ya kitanda, wala karibu na mlango, kwani ndiyo njia yako pekee ya kutokea. Usiijaze kwa waya wa stima ya kuunganishwa kiholela. Mteja wa fundi alikubali betri yake ijazwe kibandani mchana, watu wakiwa macho. Huo ndio uungwana: faida ni yake, lakini hatari ingekuwa ya ploti nzima.

Kwa nini makala haya yamo katika jarida la Kiswahili?

Mwenzangu mmoja aliniambia niyapeleke kwa klabu ya sayansi. Nikamjibu kwamba darasani tunasoma kani, wati na nishati kwa Kiingereza, na kibandani fundi anapinda, anapima na kuchomelea kwa Kiswahili. Fundi anajua uzi, sisi tunajua mraba wa kasi. Tukikosa lugha ya kuzungumza naye, yeye ataunda bila hesabu, na sisi tutahesabu bila kuunda. Elimu ni bahari, na chombo cha kuivukia tunacho tayari.

Maswali ya kujipima

1. Betri ya volti 48 na ampea-saa 10 ina wati-saa ngapi?
2. Kasi ikipanda kutoka kilomita 10 hadi 30 kwa saa, nishati ya mwendo huongezeka mara ngapi?
3. Tembelea kibanda cha fundi wa vyuma mtaani kwako. Andika maneno matano ya kazi yake usiyoyapata kwenye kamusi, ukituelezea maana yake katika mkutano wetu ujao.