Damu ya Dereva na Namna ya Kuihifadhi

Katika Uingereza, ambako sheria, isipokuwa ile ya Uskoti iliyoshusha mpaka wake hadi miligramu 50 mwaka 2014, humkataza mtu kuendesha gari akiwa na zaidi ya miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, dereva anayetolewa damu kwa amri ya polisi ana haki, akiiomba papo hapo, ya kupewa sehemu ya damu hiyo ili akaipimishe kwa mkemia amtakaye. Haki hii ni adhimu. Lakini chupa ikitiwa mfukoni, au ikaachwa garini juani, haki hiyo huharibika pamoja na damu yenyewe.

Mabadiliko huenda pande mbili. Vijidudu, na hasa jamii ya hamira iitwayo Candida, vikipata joto na sukari iliyomo damuni, huichachusha sukari hiyo na kuzalisha kilevi ambacho mwenye damu hakukinywa kamwe. Kwa upande wa pili, kilevi kilichomo hupungua: hugeuka mvuke kwa wepesi na kutoroka penye kizibo kilicholegea, tena himoglobini iliyobeba oksijeni hukigeuza polepole kuwa asetaldehidi, na kadiri joto linavyozidi, na hewa iliyobaki juu ya damu inavyokuwa nyingi, ndivyo upungufu unavyoongezeka. Insafu yatutaka tuseme kwamba katika damu ya mtu aliye hai, iliyotolewa kwa usafi, aghalabu kilevi hupungua. Kuzalika kwake ni jambo la kuhofiwa zaidi katika damu ya maiti.

Ndiyo maana chupa hutiwa floridi ya sodiamu, izuiayo uchachu, pamoja na oksaleti ya potasiamu ili damu isigande. Dawa hizo hazifai kitu zikibaki zimelala chini. Sharti chupa ipinduliwe taratibu mara kadhaa mara damu inapoingia. Hata hivyo floridi haiizuii ile kazi ya himoglobini, wala haikazi kizibo, na kwa hiyo baridi ni ya lazima.

Basi uliyepewa sehemu yako, usivunje muhuri wake. Iweke wima ndani ya jokofu, kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, wala si mahali pa kugandishia, kwani damu ikiganda kwa barafu hutanuka na chupa huweza kupasuka. Ipeleke kwa mkemia upesi, ukiwa umeandika saa ulipoipokea na mahali ulipoiweka, na umwombe aeleze katika ripoti yake jinsi alivyokikuta kizibo, chupa ilivyojaa, na kama floridi iliyomo ilitosha.